Kihispania cha Mama Mkwe

Nilianza kujifunza Kihispania kwa sababu binti yangu alikuwa akinisema mbele ya macho yangu. Ushahidi sikuwa nao. Lakini mtu akisimama uani mwako, simu sikioni, akamwaga maneno usiyoyajua, kisha akakutupia jicho na kushusha sauti, wewe utadhani nini? Lugha yenyewe siijui. Sauti anaishushia nini?

Nyumba yetu iko Rumonge, upande wa juu wa barabara, ambako ziwa likifura haliwezi kutufikia. Ninauza mawese. Nanunua kwa wakamuaji wa hapa na wa Nyanza-Lac, nawauzia wafanyabiashara wanaopeleka Bujumbura. Kazi hii haimtaki mtu mwepesi wa kuamini. Mtu anakuletea bidoni, dumu la mafuta mekundu ya kupendeza, anakuita dada, anakuulizia hali ya nyumbani. Wewe mwitikie vizuri, halafu chota kidogo, weka kikaangoni, utege sikio. Yakitatarika, yametiwa maji. Tangu mume wangu afariki nimeishi kwa namna hiyo, na tabia ya kazini imehamia nyumbani. Hata nikiletewa habari njema, nauliza kwanza nani kaileta na anataka nini.

Binti yangu ni huyo mmoja tu. Ni muuguzi katika zahanati ya watawa huko Muhuta, na baadhi ya watawa hao ni Wahispania. Lugha yao aliiokota kazini, kidogo kidogo, mpaka ikamkaa mdomoni. Nilikuwa najivunia. Kina mama wenzangu sokoni walichoka kunisikia nikizitaja lugha za mwanangu, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa, na sasa Kihispania, utadhani nilimnyonyesha nazo. Kisha akaja Mhispania mmoja, mwanaume, kufunga pampu na mabomba ya maji kule milimani. Kuanzia hapo Kihispania kikaacha kuwa lugha ya zahanati. Kikawa lugha ya uani kwangu, kila Jumamosi binti yangu alipokuja kulala nyumbani.

Alimleta nimwone. Mrefu, uso umeungua kwa jua, anacheka hata kabla hujasema neno. Mimi mtu anayecheka kabla ya neno simwelewi. Nilimpikia mukeke, akala vizuri, lakini kichwa cha samaki akakiacha pembeni ya sahani, na kichwa ndicho nilichompa kwa heshima. Alipomaliza akainuka, akataka kuosha vyombo. Mwanaume, mgeni, siku ya kwanza! Nikajiuliza, huyu anayejipendekeza hivi anaficha nini? Tena aliuliza, binti yangu akitafsiri, kama naishi peke yangu na nyumba ina vyumba vingapi. Nikamjibu kwamba majirani zangu wako macho sana.

Baya kuliko yote lilikuwa umri. Alikuwa anakaribia arobaini, na eti hajawahi kuoa.

"Mutu wa miaka arubaini haina bibi? Wapi?" nilimuuliza binti yangu mgeni alipoondoka. "Iko naye. Amemuacha kwao."

"Mama, kwao ni kawaida."

"Basi kawaida yao ni mbaya."

"Weye unamushuku bure."

"Simushuku. Ninamuangalia tu."

"Unamuangalia kama bidoni ya mawese," akasema, akaenda zake uani kucheka na simu.

Katika maneno ya simu, "mi madre" nililinasa mapema. Halijaenda mbali na Kifaransa, na mtu hahitaji shule kujua kwamba anatajwa. Mi madre hivi, mi madre vile. Lingine lililorudi mara kwa mara lilikuwa "sola", na hilo binti yangu alilisema huku amenipa mgongo. Nikauliza mtu sokoni aliyesoma, akasema kwa Kifaransa kuna neno linalofanana nalo, maana yake peke yake. Nikaunganisha mambo. Naishi peke yangu, vyumba vingapi, mi madre, sola. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikaona wazi kwamba watu hawa wana mpango na mimi. Labda nyumba iuzwe. Labda nikatupwe kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, nikae chumba cha nyuma nikilea wajukuu wa wenzangu.

Ndipo nikaenda kwa masera. Ndivyo tunavyowaita watawa wa kike hapa kwetu. Huyu ni Mrundi, mtu mzima sana, alikaa Hispania miaka mingi, na sasa amerudi kupumzika parokiani. Nikamchukulia chupa ya mawese, yale ninayoweka kwa matumizi yangu.

"Amahoro, masera."

"Amahoro, mama. Karibu. Iko nini?"

"Nataka unifundishe Kihispania. Bakwe banaweza kuja siku moja. Sitaki nikae mbele yao kama bubu."

Akaniangalia, akayaangalia mawese, akaniangalia tena. "Binti yako anajua?"

"Nataka kumushangaza."

"Ehe," akasema masera. Ile "ehe" haikunipendeza hata kidogo, lakini chupa aliipokea, na somo tukalianza palepale barazani kwake.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Hablo, hablas, habla: nasema, unasema, anasema. Nilikuwa nikienda mchana, soko likishapoa, na kabla mvua hazijakatika nikawa naweza kusema kwamba nauza mafuta, nina binti mmoja, ziwa letu ni kubwa na samaki wamepungua. Masera alinisifu. Lakini nikirudi nyumbani, Jumamosi ikifika, maneno ya binti yangu hayakulingana na yangu. Mimi nilifundishwa "queda", anabaki. Yeye anasema "quede". Mimi nina "viene", anakuja. Yeye anasema "venga". Mimi "dice", yeye "diga". Nikashuku kwamba wameshanigundua na wamebadilisha maneno. Halafu nikamshuku masera. Ile "ehe" yake nikaikumbuka vizuri. Labda binti yangu alishapita pale parokiani na kumwomba anifundishe Kihispania cha watoto wadogo.

"Masera," nikamwambia, "hiki Kihispania unanipa ni chote, ao kuna kingine umeficha?"

Nilipomweleza maneno niliyoyasikia, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanieleza bila kuniuliza nimeyasikilizia wapi, na kwa hilo namshukuru.

Alisema kwamba niliyojifunza ni maneno ya mambo yaliyopo. Anabaki, na kweli anabaki. Hii nyingine ni ya mambo ambayo bado: unayoyataka, unayoyaogopa, unayoyaombea kwa Mungu, na yale usiyoyaamini.

"Nisiyoyaamini?" nikauliza.

"Ndiyo. Ukisema naamini anakuja, unasema viene. Ukisema siamini kama anakuja, viene haifai tena. No creo que venga. Shaka ikiingia, kitenzi kinageuka."

Nilimwomba arudie. Sikuwa nimewahi kusikia lugha iliyowatengea watu wa aina yangu kitenzi chao. Mtu unashuku maisha yako yote, unaambiwa una roho mbaya, kumbe ng'ambo huko hata watoto wa shule wanafundishwa namna ya kushuku kwa utaratibu.

Kanuni yenyewe si ngumu. Unachukua neno la mimi: hablo, tengo, vengo, digo. Unaikata ile o ya mwisho. Kama kitenzi ni cha kundi la -ar, unatia e: hable, hables, hable. Kama ni cha -er au -ir, unatia a: tenga, venga, diga. Yaani makundi yamebadilishana nguo. Nikalitazama jambo hilo, nikasema, "Masera, na sisi tunafanya hivyo. Anakaa, akae. Anasema, aseme. A inatoka, e inaingia."

"Unaona? Ulikuja nayo toka kwako. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyo mwenyeji amepona?"

"Bado. Anangoja mugeni."

"Basi ni hiyo hiyo."

Kitenzi nilichokitaka mimi kilikuwa kile cha kubaki, quedarse, maana ndicho kilichonisumbua uani. Me quede, te quedes, se quede, nos quedemos, os quedéis, se queden. Nilikiimba nikipima mafuta. Wateja wakadhani nimehamia makanisa yale ya kunena kwa lugha, na mmoja akaniuliza ibada ni saa ngapi. Vile vitenzi vikorofi vilinichosha zaidi, visivyofuata kanuni ya mtu: sea, sepa, haya. Na kile cha kwenda, ir, ambacho ukikitafuta kwa kanuni utakikosa kabisa: vaya, vayas, vaya, vayamos, vayáis, vayan. Masera alisema hivyo havina njia ya mkato, uvijue kwa sura kama unavyowajua wadeni. Alijua ataniingia kwa lugha ya biashara.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa uani nachambua maharage. Binti yangu amesimama karibu na mapipa, simu sikioni. Akasema, polepole, kama mtu anayelirudia jambo kwa mwenzake asiyetaka kulisikia: "No quiero que mi madre se quede sola."

Nikaendelea kuchambua. Sitaki mama yangu abaki peke yake.

Halafu: "Dudo que pueda irme." Nina shaka kama nitaweza kuondoka. Na mwisho, kabla hajakata: "No le digas nada a tu madre." Usimwambie mama yako chochote.

Nilifurahi. Sitaficha. Nilifurahi mpaka nikayatupa maharage mazima pamoja na mabovu. Nyumba haiuzwi, chumba cha nyuma hakipo. Kumbe kazi ya mabomba, kama nilivyosikia sokoni, ilikuwa inaelekea mwisho, yule mwanaume anarudi kwao, anataka kuoa na kuondoka na mke wake, na binti yangu anasitasita kwa ajili yangu. Kamba yote ilikuwa mkononi mwangu. Nikilalamikia mgongo kidogo tu, nikisema kidogo tu kwamba nyumba siku hizi imekuwa kubwa, ndoa imekwisha, na hakuna atakayesema nimeizuia mimi.

Kisha nikamwangalia anavyoifuta simu kwa kitenge chake na kuitia mfukoni, uso umemshuka, na furaha ikaanza kunikera. Mtoto akibaki kwa huruma, utakula naye, utasali naye, na kila siku utajua yuko pale kwa sababu gani. Lakini kumwachia aende na mtu ninayemshuku? Hapana. Hilo nalo sikuliweza. Ukiniuliza leo ni lipi lililoniuma zaidi, sijui.

Nikaamua kungoja. Nilijiambia, waje kuomba. Kijana atakuja na mama yake, na mtu na mama yake lazima wanong'one. Watanong'ona mbele yangu bila woga, wakidhani mama mkwe ni gogo. Hapo ndipo nitamjua. Kama ana mke, kama ana dharau, kama mama yake anamwambia ahesabu vyumba, nitaumwa mgongo siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nilinyamaza. Binti yangu aliponiuliza kama siku ya gusaba ipangwe, nikasema ipangwe. Alingoja niongeze neno, nami nikajitia hamnazo. Kwa masera sikukosa hata somo moja.

Gusaba, kwa asiyejua, ndiyo siku wakwe wanapokuja kuomba binti, na kwetu binti haombwi kwa maneno ya moja kwa moja. Pande mbili zinakaa zikitazamana, kila upande na msemaji wake, na kazi ya msemaji wa upande wa binti ni kukana. Hatuna binti. Tulikuwa naye, tumeshamwoza. Ninyi ni nani, mmepotea njia? Wageni nao wabembeleze, watanie, watoe vinywaji, mpaka wenyeji walegee. Binti akiwa wa thamani, anakanwa muda mrefu, na watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Wakati wote huo yeye anafichwa chumba cha ndani, haonekani mpaka aitwe. Mama yake anakaa na wanawake wenzake, kinywa kimefungwa.

Sasa angalia tulichokifanya. Mkalimani wetu alikuwa binti yangu. Na binti yangu tulimfungia chumbani. Watu wazima wote tuliopanga siku ile, tukapanga viti, soda, kreti za bia na hata nani amsalimie nani kwanza, hakuna aliyeliona hilo. Wala hakuna, hata binti yangu, aliyewaeleza wageni kwamba kukana ni mchezo; kwetu ingekuwa kama kumweleza mtu kwamba harusini watu hula. Mshenga wa upande wao, Mrundi aliyefanya kazi na yule kijana, alipaswa kuwanong'oneza, lakini alikuwa msemaji hodari, na mashindano yalipopamba moto akawasahau watu wake nyuma yake.

Mama wa kijana alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, anajipepea kwa kipepeo cha kukunjwa. Kifaransa alikijua kidogo; binti yangu alikuwa ameniambia kwamba katika usichana wake alikwenda Ufaransa kuchuma zabibu. Tulimkalisha karibu na mke wa shemeji yangu, na mimi nikachagua kiti nyuma yao. Nilikichagua mapema, kabla hema halijafungwa.

Shemeji yangu ndiye alikuwa msemaji wetu. Akasimama, akakohoa, akawatazama wageni kwa mshangao kama watu walioshuka gari kwa makosa.

"Binti?" akasema. "Binti gani? Hapa tulikuwa naye mmoja, kweli. Mzuri, wa adabu. Lakini mmechelewa. Watu wa Nyanza-Lac wamemchukua jana, na soda zao tumeshazinywa."

Hema zima likaangua kicheko. Kijana naye akacheka kwa kuwa watu wanacheka. Mama yake hakucheka. Akamwinamia mke wa shemeji, akamuuliza kwa Kifaransa huyo bwana amesema nini.

Mke wa shemeji yangu ni mtu wa heshima. Hawezi kulivunja neno la ukoo mbele ya wakwe. Akajibu kwa uso mkavu, kwa Kifaransa chake safi cha ualimu, kwamba binti hayupo tena, amepewa mwanaume mwingine, yuko Nyanza-Lac.

Kifaransa changu ni kidogo, lakini hilo nililisikia, na sikushtuka. Mimi pia ningejibu hivyo hivyo. Ndivyo tulivyolelewa.

Yule mama akaacha kujipepea. Akamgeukia mwanawe, na mimi nikatega sikio kwa nguvu zangu zote.

"Vámonos, hijo," akanong'ona. "Se han burlado de ti. Que se queden con ella." Twende zetu, mwanangu. Wamekuchezea shere. Wabaki naye.

Kijana akamgeukia mama yake. Hakuuliza mengi. Alitazama mlango wa nyumba, ambako pazia lilikuwa limeshushwa, nami nikasogeza kiti mbele. Nikasema moyoni, haya, sasa. Mtu akiumizwa ndipo yaliyomo hutoka. Sema. Taja gharama zako, taja yule wa kwenu uliyemwacha, tutukane.

"Yo no me voy," akasema. "Me quedo aquí hasta que me lo diga ella."

Mimi siondoki. Nabaki hapa mpaka aniambie yeye mwenyewe.

Mama yake akasimama peke yake. Akachukua mkoba, akamshika mwanawe ukosi wa shati, akavuta, kijana akabaki kitini, macho yamejaa maji, anatazama lile pazia. Na watu wetu, Mungu atusamehe, wakapiga makofi. Walidhani yule mama anaucheza mchezo, tena anaucheza vizuri kuliko mshenga wake. Shemeji yangu alifurahi kweli kweli. "Mumeona?" akapaza sauti. "Mukwe amekasirika! Hawa ndio banajua kuomba!" Yule mama akaanza kutembea kuelekea nje ya hema.

Sijui ukoo wowote wa kwetu ambao ungepokea tena posa iliyosuswa na mama wa bwana harusi. Na mimi nilikuwa sihitaji kufanya lolote. Hata mgongo haukuhitaji kuuma. Nilitakiwa kukaa kimya, jambo ambalo mila yenyewe ilinitaka nilifanye, na mwanangu angebaki Rumonge. Angelia, angerudi kazini Muhuta, Jumamosi angekuja kwangu. Hakuna ambaye angeninyooshea kidole mpaka nazikwa.

Nikakaa. Yule mama akawapita wanawake wa kwaya. Akapita kreti za soda. Nami bado nimekaa, na wakati huo huo nimepandwa na hasira, kwa sababu ushahidi niliutafuta kwa lugha yake mwenyewe yule mtu, kwa miezi, kwa mawese yangu mazuri, na nilipompata uchi kabisa, ameumizwa, hana wa kumdanganya, nilichokikuta ni mtu anayeng'ang'ania kiti. Nikafikiria pazia likifunguliwa na binti yangu akitoka, amepambwa, akute viti vitupu.

"¡Señora!" nikasema.

Makofi yakakatika. Nilikuwa nimesimama, na sikumbuki niliinuka saa ngapi.

"No se vaya, señora. Es un juego. La niña está dentro." Usiondoke, mama. Ni mchezo. Mtoto yuko ndani. Maneno yote ya masera yakanikimbia, nikashika machache yaliyokuwa karibu. "No quiero que se vayan. Quédense."

Sitaki mwondoke. Bakini.

Yule mama aligeuka. Akanitazama toka kichwa hadi miguu, kisha akamtazama mke wa shemeji yangu, aliyekuwa amejifunika uso kwa kiganja. "¿Un juego?" akauliza. Nikatikisa kichwa kukubali. Akarudi akaketi, akashika kifua, akaanza kumgombeza mwanawe maneno mengi ya haraka ambayo hata masera asingeyafuata, huku akicheka na kufuta machozi. Kijana alikuwa ananitazama mimi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinitazama bila kucheka.

"Weye mama!" shemeji yangu akanijia juu. "Umeharibu muchezo wote! Nilikuwa sijafika hata katikati."

Kabla sijamjibu, sauti ikaniita toka ndani. Nikaingia chumbani, pazia likashuka nyuma yangu.

Binti yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda katika imvutano yake, yale mavazi yetu ya sherehe, kichwa kimefungwa utepe.

"Mama. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Unasikia Kihispania tangu lini?"

"Kidogo tu. Masera amenisaidia."

Akarudisha miezi nyuma kichwani mwake, Jumamosi moja moja. Nilimwona anavyozipitia. "Basi ulinisikia," akasema. "Pale uani."

"Nilisikia."

"Ile ya kukuacha peke yako?"

"Nayo."

"Na ukanyamaza! Miye silali, sili, weye unajua yote na unanyamaza!"

"Nilikuwa nangoja nimukamate na uongo."

"Umemukamata?"

"Bado," nikasema.

Kicheko na kilio vilimtoka pamoja, akajifuta kwa nyuma ya mkono ili wanja usimwagike. Nje, shemeji yangu alikuwa amenisamehe na kuurudia mchezo wake. Alikuwa anatangaza kwamba watu wa Nyanza-Lac wamemrudisha binti asubuhi hii, eti anakula sana, na kama wageni hawa bado wanamtaka basi aitwe. Kwaya ikaanza kuimba. Binti yangu hakuinuka. Alinishika kiganja kwa mikono yake miwili, kama alivyokuwa akifanya nilipompeleka shule siku za kwanza.

"Mama, niambie kweli. Unataka niende?"

Mlangoni kulikuwa na vivuli vya wasichana waliokuja kumtoa. Nikatafuta uongo wa kumpa, mwepesi, wa kumtosha mpaka avuke pazia. Sikuupata.

"Sitaki," nikamwambia. "Sitaki uende hata kidogo. Simama nikukaze nguo, wanakungoja."